Taa za Kichwani Katika Ngoma ya Mavuno

Masika ya mwaka ule yalilijaza maji duara letu, shimo la dhahabu, kule Geita. Tulikuwa tumechimba kwenda chini kwa miezi mingi, tukishuka kwa kamba na kupandisha mawe kwa ndoo, na asubuhi moja tuliamka tukakuta maji yamefika karibu na mdomo wa shimo. Tulikaa ukingoni tukitazama. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na mawingu yalipita ndani yake taratibu, yakizama kule tulikokuwa tukizama sisi. Kisha mwenye duara, mzee wa Kizinza mwenye sauti ndogo, akasema, "Nendeni makwenu mkavune. Kiangazi kikikaza tutavuta maji kwa pampu."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani, kijiji cha upande wa Shinyanga, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sina mke, na mzigo wangu wote ulikuwa blanketi, sufuria moja na taa yangu ya kichwani.

Taa yenyewe usidhani ilikuwa ya dukani. Miaka ile ya tisini kila mchimbaji alijitengenezea yake. Ulinunua tochi ya bei rahisi ya mawe mawili, yaani betri, ukaikata shingo, kile kichwa cha tochi ukakifunga kwenye paji la uso kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mawe ukayaweka nyuma ya kisogo ndani ya kitambaa. Mwanga wake ulikuwa wa njano, kama chai iliyotiwa maji mengi. Chini duarani ulitosha, kwa kuwa mwamba uko mbele ya pua yako na huna haja ya kuona mbali.

Nilimkuta mama kibarazani anachambua mchele. Nilipoondoka kwenda Geita macho yake yalikuwa na ukungu tu. Aliniona, ila alinifananisha na kaka yangu. Sasa ukungu ule ulikuwa umekuwa ukuta. Mboni zake zilikuwa na weupe wa maziwa yaliyoanza kuganda. Vidole vyake vilitembea juu ya ungo haraka, vikiokota vijiwe na kuvitupa pembeni, na kuku walikuwa wanavikimbilia wakidhani ni chakula. Niliposimama mbele yake aliinua uso.

"Shikamoo, mayu," nikasema.

"Marahaba, ng'wana wane. Nimekusikia tangu kwenye mkonge. Unaburuta mguu wa kushoto siku hizi."

Nikapiga magoti, naye akanipapasa uso kama watu wasioona wanavyofanya, mashavu, masikio, mpaka akafika kwenye paji. Kidole chake kikasimama. Mpira wa taa ulikuwa umeniachia mfereji kwenye ngozi, unaozunguka kichwa chote.

"Hiki nini?"

"Alama ya mpira wa taa."

"Wamekufunga kamba kama ndama," akasema, akarudia mchele wake.

Katika ujana wake mama alikuwa mwimbaji wa ngoma. Mdogo wake, yaani mjomba wangu, ndiye alikuwa manju wa kikundi chetu, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa wachezaji. Hata baada ya macho kuziba mama hakuacha kwenda ngomani. Alibebwa kwenye baiskeli, akakalishwa pamoja na wanawake wengine, naye alikaa amewapa mgongo wachezaji. Watu wageni walidhani amenuna. Mwenyewe alisema masikio husikia vizuri zaidi uso usipokuwa njiani.

Mjomba alikuja kunisalimia siku chache baadaye. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyeweza kukaa kwenye kiti bila kupiga kidole kwenye mguu wa kiti hicho. Aliiona taa yangu imetundikwa ukutani, akaitungua, akaivaa.

Kwetu, baada ya mavuno, ngoma hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wako huru kwenda watakako. Ngoma zinapokoma, mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Ndiyo maana kila manju hutafuta jambo jipya, dawa ya mvuto, vazi la ajabu, mnyama, chochote cha kuwavuta watu. Mwaka ule tulikuwa tumepangiwa kushindana na kikundi kutoka upande wa Ushetu, na habari zilikuwa zimeshafika kwamba wana chatu.

"Nimetunga wimbo wa watu wa Geita," mjomba akasema, taa ikiwa bado kichwani. "Wanaoingia ardhini wakiwa hai na kutoka wakiwa hai. Nataka watu wawaone mnavyozama. Hii inaangaza mpaka wapi?"

Tuliingia kwenye ghala la mpunga, ambalo halikuwa na dirisha. Niliichukua taa nikaivaa, nikafunga mlango. Nilisimama ukuta huu, yeye ukuta ule, katikati yetu harufu ya mpunga mpya. Nikawasha.

"Naiona," akasema. "Lakini hainiangazi mimi. Inajiangaza yenyewe."

Alisema kweli. Basi kesho yake nikachukua baiskeli nikaenda mjini, kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa Shinyanga na kuzungumza Kisukuma kizuri kuliko makarani wengi wa mjini. Duka lake lilikuwa na giza na ubaridi, na vipuri vilining'inia darini kama popo waliolala. Nikamwomba globu ndogo yenye mwanga mkali.

"Pikipiki gani?" akauliza.

"Si ya pikipiki, mzee. Ni ya kichwa."

Nikamweleza habari ya duara na habari ya ngoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo, akatoa globu za indiketa zilizofungwa kwenye gazeti la zamani, akaishika moja kwenye mwanga wa mlango. Ndani yake uzi ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.

"Hii inataka volti sita," akasema. "Mawe mawili hayataiamsha. Weka manne. Lakini ujue itayala kama mtu aliyetoka kufunga."

Nilinunua za kutosha wachezaji sita na nyingine za akiba, kwa pesa ya mjomba.

Siku zilizofuata nilizikumbuka sana baadaye, nilipokuwa chini ya ardhi tena. Ilikuwa ile saa ya alasiri ambapo hewa ya kwetu hutulia, pamba iliyovunwa imelundikwa nyeupe kwenye nyua, na kwa mbali ng'ombe huonekana wakielea juu ya vumbi bila miguu. Nilikaa kibarazani na tochi sita za bei rahisi, koleo, kisu na nyaya nilizozitoa kwenye redio iliyokufa. Sikuwa na chombo cha kulehemia. Nilipasha msumari mkubwa kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikayeyusha risasi ya kulehemia iliyokuwa ndani ya redio ile ile na kuunganisha nyaya. Mama alikaa karibu yangu akinishikia waya. Alikuwa na mkono usiotetemeka. Nilimwambia, "Shika hapo, usivute," naye alishika kama jiwe.

Globu za pikipiki zilikuwa na kiuno kinene kuliko za tochi, kwa hiyo nilipanua tundu la kile kisahani kinachorudisha mwanga. Nikafunga mawe manne kwenye gogo la mwanzi lililopasuliwa, nikapitisha waya kutoka kiunoni mpaka kichwani, nikagusisha. Hata mchana ule wa jua globu iliwaka nyeupe, nikageuza uso. Nilifurahi sana nikaiacha iwake.

"Kitu chako kinaungua," mama akasema.

Nikatazama. Kisahani kilikuwa cha plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na plastiki ilikuwa imeanza kulegea na kujikunja kama jani. Nikazima, lakini hakikufaa tena.

Nilihesabu kichwani visahani vilivyobaki, vyote vya plastiki, nikakata tamaa kidogo. Mama alinusa vidole vyake vilivyokuwa vimeshika waya, halafu akauliza sahani hiyo inafanya kazi gani hasa. Nikamweleza kwamba globu peke yake humwaga mwanga huku na huku, na sahani huukusanya na kuupeleka mbele.

"Kama mikono inavyofanya kwenye mdomo mtu anapoita ng'ambo ya mto."

"Ndiyo, mayu."

"Basi tumia bati. Makopo ya maziwa yako nyuma ya nyumba. Mimi nitayasugua."

Nilikata vitako vya makopo, nikavigonga juu ya jiwe la mviringo mpaka vikawa vikombe vidogo, na mama akavisugua kwa majivu yaliyochekechwa na kipande cha kanga. Alisugua kwa siku nzima nzima. Kila mara alipitisha ncha ya kidole ndani ya bati, akisikiliza kwa ngozi, na kidole kilipokwama mahali alirudia. Aliimba chini chini nyimbo za zamani za ngoma, zile ambazo wenzake wa kuimba nao walikuwa wameshakufa. Alipomaliza, vile vikombe vilikuwa vinang'aa kiasi cha kuniumiza macho, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na mbingu ndogo na uso wangu umepinduka.

Jioni ile nilivaa taa ya kwanza, nikaingia ghalani na mjomba. Nilipowasha, ukuta wa ng'ambo ulitokea wote kwa mara moja: nyufa, utando wa buibui, alama za vidole vya aliyeukandika, ambaye alikuwa babu yangu. Mjomba alisimama katikati ya mwanga amekinga macho kwa kiganja.

"Hii ni kitu kingine," akasema.

Hatukumwita mama aje aone. Hakuna aliyewaza kumwita mtu asiyeona aje kutazama taa.

Siku ya ngoma watu walianza kufika asubuhi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wengine juu ya magari ya ng'ombe. Uwanja ulikuwa shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Mchana kutwa tulicheza, na mchana kutwa tuliona watu wakivuja kwenda upande wa pili. Yule chatu alikuwa kweli. Mchezaji wao alimvaa shingoni kama skafu, akamlaza, akalala juu yake, akambusu. Hata baadhi ya ndugu zetu walienda kuchungulia, wakarudi wakiwa na aibu usoni.

Mjomba hakuhangaika. Alingoja jua liguse miti ya upande wa magharibi. Nuru ilipogeuka kuwa ya zambarau, na vumbi la uwanja likawa limening'inia tu bila kushuka, alinyamazisha ngoma zote isipokuwa moja kubwa, ipigwe polepole kama moyo wa mtu aliyelala. Sisi sita tulikuwa tumelala chali ndani ya shimo lisilo na kina, chini ya turubai tulilolitandaza juu yake. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilisikia wimbo ukianza, ule wa watu wanaoingia ardhini, nikasikia mwenzangu wa mbele akitambaa. Nikaunganisha waya wangu, nami nikatoka.

Kila nikikumbuka saa ile naiona kama kitu kilichotokea chini ya maji. Vumbi lilikuwa limeufanya mwanga uonekane, na kila mmoja wetu alitoa mkono mrefu mweupe kutoka kwenye paji lake. Tulipoinamisha vichwa mikono ile ilifagia ardhi, na tulipoinua ilikwenda juu mpaka ikapotelea angani. Tulicheza kwa kuchimba, kwa kuinua ndoo, kwa kuvuta kamba. Sikuona nyuso za watu, ila niliona miguu yao ikija, miguu mingi, ikikimbia kutoka upande wa chatu. Kelele zilikoma. Watu walisimama wakitutazama kimya, na ngoma ile moja ikaendelea.

Mawe hayakutuvumilia. Yule mzee wa dukani alikuwa amesema. Wimbo ulipofika katikati taa ya mbele ilianza kuwa ya njano, kisha ya pili, na muda si mrefu sote tulikuwa na makaa mekundu kwenye vipaji vya nyuso, halafu hata makaa hayakuwapo. Mtu mmoja akacheka. Upande wa pili wakawasha karabai, wakamwinua chatu juu ya vichwa vyao, na watu wetu wakaanza kuondoka. Ngoma zilipokoma tulikuwa tumeshindwa.

Mjomba alikaa juu ya ngoma yake, jasho likimdondoka kwenye ndevu. Nilidhani atanilaumu. "Kwa muda ule uwanja ulikuwa wetu," akasema.

Nilikwenda kumchukua mama. Nilimkuta amekaa ameelekea wachezaji. Alikuwa amekigeuza kigoda chake, mikono magotini, mdomo umeachama kidogo. Sikulitilia maanani. Nilimpandisha kwenye baiskeli, nikaanza kuikokota, na jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa muuguzi kwenye hospitali ya misheni, akafuatana nasi kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja.

Tulikwenda mpaka tukapita majaruba ya mpunga. Ndipo mama akasema, "Yule wa mwisho alikuwa anachelewa mguu."

"Wa mwisho nilikuwa mimi," nikasema. "Nani kakuambia?"

"Nimeona."

Nikasimamisha baiskeli.

"Mlikuwa sita," akasema mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza idadi ya kuku. "Kama vimulimuli walionenepa. Watano walikuwa wanapanda na kushuka pamoja, na mmoja nyuma yao. Nikajua huyo ni mtoto wangu."

Muuguzi akazunguka upande wa mbele wa baiskeli. "Mama, uliziona zikitoka upande gani?"

"Kushoto. Halafu zikasambaa."

"Na mchana, ukielekea jua, unaona nini?"

"Weupe tu. Kila mahali weupe. Ndiyo maana sijasema kitu, nilidhani ndivyo upofu ulivyo."

Asubuhi yake yule jirani alikuja kwetu kabla ya kwenda kazini. Niliweka mawe mapya kwenye taa, tukaingia ghalani, tukamkalisha mama juu ya gunia. Muuguzi aliivaa taa ile mwenyewe, juu ya kilemba chake, akawa anahama kutoka kona hadi kona, mara anachuchumaa, mara anasimama. Kila alipokwenda, kidole cha mama kilimfuata. Sikuwahi kumwona mama anacheka vile, cheko la msichana anayecheza kibemasa, mchezo wa kujificha.

"Jicho linaloona mwanga halijafa," muuguzi akaniambia tulipotoka nje. "Mlete hospitali. Nadhani ni mtoto wa jicho."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja, la kulia, wakasema la pili litangoja. Mimi na mjomba tulilala nje kwenye mabanda ya wasindikizaji, tukipika uji kwenye mafiga. Mjomba alikuwa na hofu kuliko mimi. Kila aliposikia mlango wa wodi ukifunguliwa, kidole chake kiliacha kupiga mguu wa kiti.

Siku ya kufungua bandeji walituruhusu kuingia. Walimvalisha miwani minene, vioo kama vitako vya chupa, na nyuma yake jicho lake lilikuwa kubwa na jeusi kama la ndama. Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa ili niwe kitu cha kwanza atakachokiona. Hakunitazama. Alitazama chini, kwenye mapaja yake.

"Hii mikono ya nani?" akauliza.

"Ni yako, dada," mjomba akasema.

Akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kwa muda mrefu. Kisha akainua uso kwangu. "Umekuwa baba yako," akasema. "Sikutegemea. Ulikuwa unafanana na sisi."

Nyumbani hakuwa mtu rahisi. Ile miwani ilikuza kila kitu na kukisogeza karibu, kwa hiyo alinyosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa. Alizunguka ua wote akikagua. Aliuona ukuta uliobomoka upande wa jikoni, akauliza tangu lini. Aliona kwamba kanga aliyokuwa anaivaa kwa heshima kanisani ilikuwa imepauka, na hakuna kati yetu aliyemwambia. Mchele aliuchambua polepole kuliko alipokuwa haoni, kwa kuwa sasa kila punje alitaka kuitazama. Jioni alikaa kibarazani akikodolea majaruba, na ukimwita hakugeuka mpaka mwanga uishe.

Asubuhi moja, wiki ambayo nilikuwa najiandaa kurudi Geita, tulimkosa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, fimbo yake iko mlangoni. Tulitafuta kisimani, tukatafuta kwenye pamba, mjomba akaanza kuuliza watu wa barabarani. Mimi nilifuata tuta la majaruba, kule ambako peke yake hakuwa amepita kwa miaka mingi, mpaka nikafika kwa dada yake mkubwa ng'ambo ya bonde. Niliwakuta wawili wamekaa kivulini pa ghala, katikati yao sinia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa. Dada yake alikuwa amesinzia. Mama alikuwa anatafuna, amemkazia macho nyuma ya vile vioo vinene.

"Mayu, tumekutafuta kijiji kizima."

"Nilikuja kumtazama," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Kazeeka kuliko mimi. Kaa ule."